Tumbawe si Jiwe

Mkataba wa CITES wa mwaka 1973, unaotekelezwa nchini Kenya na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), unayahesabu matumbawe magumu, yanayotamaniwa kwa matangi ya mapambo ng'ambo, kuwa wanyama wasiovushwa mpaka bila kibali. Tatizo ni la kilugha. Mvuvi wa Magogoni, Kisauni, asikiapo "wanyamapori" huwaza ndovu na simba. Pori liko nchi kavu, tumbawe liko baharini. Isitoshe, kwake tumbawe ni jiwe la kujengea, kama lilivyokuwa kwa mababu zetu. Je, ataitii vipi sheria ambayo jina lake halimgusi? Wanataaluma wa Kiswahili tusiwangoje wanasheria. Tuifasiri kanuni hii kwa lugha ya pwani: tumbawe lina uhai, na kulisafirisha bila kibali ni kosa.