TAHARIRI: Ekari sita za Turiani zisiuzwe kabla ya hesabu

Wiki hii tunaweka kando bei za mpunga na mbolea ili tujibu barua. Imeandikwa na msomaji wetu wa siku nyingi, mfanyabiashara mdogo wa mchele mkoani Morogoro, ambaye ameomba jina lake tulihifadhi. Dada yake ni muuguzi nchini Uingereza kwa zaidi ya miaka 15 na amekwishachukua uraia wa huko. Sasa yeye na mumewe wamechoka na maisha ya mjini. Wanataka kununua ekari saba Wales, upande wa magharibi, wajenge nyumba ya miti, udongo na majani makavu, walime chakula chao, wafuge kuku na kondoo, na waachane na bili za umeme na maji. Akiba yao haitoshi. Dada anapendekeza ekari sita za urithi zilizopo Turiani ziuzwe, achukue mgawo wake, na kaka naye auweke mgawo wake katika shamba hilo la Wales kama mtaji.

Kaka anauliza swali moja: hili ni jambo la kweli au ni ndoto?

Ni jambo la kweli. Watu wanaishi hivyo, na serikali ya Wales imeliwekea utaratibu. Lakini tumeusoma utaratibu wenyewe kwa jicho la mtu wa hesabu za kilimo, na tunasema wazi kwamba shamba la Turiani lisiuzwe mpaka dada amalize kazi ambayo inaonekana hajaianza.

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Raia wa kigeni au wa huko, yeyote mwenye fedha anaweza kununua shamba Uingereza. Bei ya ardhi ya kilimo ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kiwanja cha kujengea. Mgeni akiona tofauti hiyo hufurahi, akadhani ameokota. Sababu ya tofauti ni kibali. Katika mashamba ya wazi hujengi nyumba ya kuishi kwa vile tu ardhi ni yako. Halmashauri ikikataa, unabaki na majani ya kulishia kondoo na hati nzuri ya kuning'iniza ukutani.

Wales imefungua mlango mmoja ambao England haina mfano wake katika sera yake ya kitaifa. Mwaka 2009, baada ya kukataliwa mara kadhaa na kukata rufaa, kundi linaloitwa Lammas lilipata kibali cha kuanzisha mashamba madogo tisa katika ekari 76 mahali panapoitwa Tir y Gafel, karibu na Glandwr, huko Pembrokeshire. Mwaka uliofuata, 2010, serikali ya Wales ikaingiza utaratibu wa aina hiyo katika mwongozo wake wa mipango ya vijijini, na mwaka 2012 ikatoa maelezo ya kina ya namna ya kuomba. Utaratibu huo unaitwa One Planet Development. Maana yake ni kuishi kwa kutumia fungu lako tu la mali ya dunia, bila kula la jirani.

Masharti yake ndiyo yaliyotufanya tuandike. Mwombaji hupeleka mpango wa shamba wenye namba. Ndani ya miaka isiyozidi 5 ardhi hiyo iwe inakidhi mahitaji ya msingi ya kaya: chakula, kipato cha chini, nishati, maji na kumaliza taka zake. Kwa upande wa chakula kipimo ni asilimia 65. Angalau asilimia 30 itoke shambani moja kwa moja hadi mezani, na sehemu iliyobaki inaweza kununuliwa kwa fedha iliyotokana na mazao ya shamba hilohilo. Kipato cha shamba kilipe pia mavazi, simu, usafiri na kodi ya halmashauri. Juu ya hayo hupimwa kiasi cha ardhi ya dunia kinachohitajika kumlisha, kumvisha na kumsafirisha kila mkazi. Aanze na hekta 2.4 kwa mtu au chini ya hapo, na aonyeshe kwamba anaelekea kwenye 1.88. Kila mwaka hupeleka taarifa halmashauri. Mpango ukishindikana, upo mkakati wa kuondoka ambao mwombaji aliuandika mwenyewe tangu mwanzo: nyumba inaondolewa na ardhi inarudishwa ilivyokuwa.

Sisi tuliokulia katika nchi iliyoimba kujitegemea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 hatukuwahi kuombwa daftari. Kule neno hilo limewekewa asilimia na tarehe ya ukaguzi.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, ili kaka aone uzito wake. Tuseme chakula cha kaya ya dada kinagharimu pauni 5,000 kwa mwaka. Asilimia 65 ni pauni 3,250. Asilimia 30 wakiila kutoka bustanini, hiyo ni thamani ya pauni 1,500, na pauni 1,750 zilizobaki lazima zitoke kwenye mauzo. Ongeza kodi ya halmashauri pauni 1,500, mavazi 400, simu na intaneti 600, usafiri 1,000. Jumla ya fedha taslimu inayotakiwa, baada ya kutoa gharama zote za uzalishaji, ni pauni 5,250. Kama wanategemea mayai, na kila dazeni inaacha faida ya pauni moja na nusu, watahitaji kuuza dazeni 3,500, yaani mayai 42,000. Kuku anayetaga mayai 250 kwa mwaka ni kuku mzuri. Kwa hiyo ni kuku 168, wote wakiwa wazima, na wateja wa kununua yai la mwisho. Msomaji anayefuga kuku Kibaha au Mbeya anajua kuku 168 ni kazi ya namna gani, tena kwenye tope na baridi, bila kijana wa kumsaidia kwa mshahara tunaoujua.

Ndiyo maana waliofanikiwa kule hawategemei kitu kimoja. Wanauza mboga za majani mahotelini, jamu, asali, mitishamba iliyokaushwa, maji ya matofaa, vikapu vya fito za mierebi. Wanachouza ni kidogo kwa uzito lakini kina bei, na kimeongezwa thamani nyumbani. Anayeuza viazi vitupu anashindana na mkulima mwenye trekta na ekari mia tatu, na hawezi kumshinda kwa bei.

Kuhusu mshahara wa uuguzi, dada anaweza kuendelea na zamu chache hospitali, haikatazwi. Ila fedha hiyo haihesabiwi katika mahitaji ya msingi. Hayo ni ya shamba. Na kila safari ya gari kwenda kazini inaingia katika kile kipimo cha hekta. Muuguzi anayeendesha maili 30 kwenda na 30 kurudi atakuta gari lake linakula alichookoa kwa umeme wa jua.

Mwandishi wa tahariri hii alisoma Uingereza kwa muda na aliwahi kushinda siku tatu za mwezi Mei akipanda viazi mvuani kwenye shamba la mwenyeji mmoja. Jambo moja lilimshangaza. Mei, majani yamechipua kila upande, kondoo wana watoto, na mama mwenye nyumba ananunua mboga dukani. Akiba ya viazi na kabichi za majira ya baridi imekwisha, na mazao mapya hayajawa tayari. Kumbe nao wana miezi ya njaa kabla ya mavuno, kama tunavyoijua sisi. Tofauti ni kwamba kwao dirisha la kulima ni moja. Hakuna vuli ya kukuokoa masika yakiharibika. Desemba mchana ni chini ya saa 8, na mche hauongezeki hata jani. Kinachosaidia ni banda la nailoni la kuoteshea, ghala lisilopata unyevu, na ujuzi wa kukausha na kusindika. Udongo wa mahali pengi magharibi mwa Wales una tindikali na unadai chokaa. Mvua si tatizo la upungufu. Huzidi milimita 1,000 kwa mwaka, na shida yenyewe ni kuyatoa maji shambani.

Nyumba ndiyo sehemu iliyo nyepesi, ingawa ndiyo inayopigwa picha. Fremu ni ya miti isiyopasuliwa mbao. Kuta ni marobota ya majani makavu ya ngano yaliyopangwa kama matofali, yakasiribwa kwa udongo au lipu ya chokaa. Ukuta unakuwa na unene wa karibu sentimeta 45 na joto la ndani halitoki kirahisi. Paa hufunikwa udongo na nyasi hai. Adui ni maji. Robota likilowa linaoza ndani ya ukuta bila wewe kujua, kwa hiyo msingi huinuliwa kutoka ardhini na mapaa hutokezwa nje sana. Saruji haifai kwa lipu yake, kwani hunasa unyevu ndani. Chokaa na udongo huuachia utoke. Madirisha makubwa huelekezwa kusini, maana kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na saa sita ya mchana Desemba linakuwa limeinuka kidogo tu juu ya upeo wa macho. Paneli za jua basi huzalisha kidogo wakati ule taa zinapohitajika zaidi. Tir y Gafel wana bahati ya kijito kinachoendesha mtambo mdogo wa umeme, ambao hufanya kazi vizuri hasa miezi ya mvua. Ekari saba bila kijito ni hesabu nyingine kabisa.

Bibi yake kaka huyu, kwa maelezo ya barua, alilala katika nyumba ya miti na udongo hapo hapo Turiani hadi wajukuu walipochanga fedha wakamnunulia bati. Hatumcheki dada.

Kibali cha mipango kikipatikana bado kuna kanuni za ujenzi, ambazo ni jambo jingine na mkaguzi mwingine: moto, uimara, maji machafu. Mabenki mengi husita kukopesha kwa nyumba za aina hii, hivyo mtaji ni wa mfukoni. Hatari ya moto nayo si ya vitabuni. Mwanzoni mwa mwaka 2018 nyumba mojawapo mashuhuri ya Tir y Gafel iliteketea. Na wapo waliotanguliza nyumba kabla ya kibali: wenzi wawili vijana huko Pembrokeshire walijenga nyumba ya duara mwaka 2012, wakaamriwa waibomoe, wakahangaika hadi mwaka 2015 walipokubaliwa kwa utaratibu huu baada ya kuleta mpango wa shamba. Tusichukue bahati yao kuwa kanuni. Baadhi ya wakulima wenyeji pia hawaufurahii utaratibu huu, wakisema watoto wao wananyimwa vibali vya kujenga katika mashamba ya baba zao huku wageni wakipewa. Dada atakuwa jirani yao. Aende akawasalimu mapema.

Sasa turudi Turiani. Kuna jambo ambalo barua haikuligusa, na kwetu ndilo zito kuliko yote. Tanzania haina uraia pacha. Dada aliyekwishaacha uraia wa Tanzania hamiliki ardhi hapa kwa haki ileile ya raia. Kaka anamiliki. Ekari sita zikiuzwa leo, na shamba la Wales likavunjika mwaka wa sita kwa sababu halikufikia asilimia 65, dada atakuwa hana nyumba kule na hana pa kurudia huku. Zaidi ya hapo, kaka atakuwa ameweka mgawo wake katika ardhi ambayo hawezi kuishi, hawezi kuisimamia, na ambayo bila kibali haipandi thamani. Hata gawio hatutegemei aone, kwa sababu shamba la namna hii likifanikiwa sana linalipa mahitaji ya waliomo ndani yake. Halikuundwa kumlipa mbia aliye Morogoro. Hilo kaka amwambie dada yake kwa upole lakini asilifiche.

Ushauri wetu ni huu. Ekari sita zikodishwe kwa msimu kwa mkataba wa maandishi, shahidi akiwa mwenyekiti wa kijiji, na sehemu ya dada apelekewe. Si fedha ya kununulia shamba. Inatosha kumlipa mtaalamu wa kumsaidia kuandika mpango wenye namba. Dada asinunue ardhi yoyote bila kwanza kuzungumza na maofisa wa mipango wa halmashauri husika, na akiweza, mkataba wa kununua uwe na sharti la kibali. Halafu akodi nusu ekari kwa mwaka mmoja karibu na anakoishi, apande, afuge kuku kumi, na aandike kila kilichoingia na kutoka: kilo, saa za kazi, pauni. Mumewe, ambaye barua inasema hajawahi kushika jembe, awe naye kila Jumamosi, mvua au jua.

Viazi vya msimu mkuu hupandwa kule kuanzia Aprili na huchimbwa hadi Oktoba. Daftari hilo likija Novemba, kaka alilete ofisini kwetu pamoja na risiti, tutalipiga hesabu pamoja naye bila malipo.