Akili za Darasani Hazimkomazi Mtoto

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja hapa Mautuma alimsimamisha mbele ya kanisa binti wa miaka 9, aliyerushwa madarasa kwa wepesi wake wa hesabu hata sasa yumo Gredi ya 6, akatangaza kwamba Mwenyezi Mungu amemjalia akili za mtu mzima, na kwa hiyo wazazi wasihofu kumpeleka bweni. Watu wakapiga makofi. Mimi nilighadhibika.

Dhana hii, kwamba mtoto aliyetangulia kwa fahamu ametangulia pia kwa moyo, ni batili na ni dhuluma. Binti huyo huyo nilimwona wakati wa mavuno akimtajia mnunuzi wa mahindi jumla ya bei ya magunia 37 kabla yule bwana hajatoa simu mfukoni; na jioni, mwewe aliponyakua kifaranga chake, akalia hadi akashikwa na kwikwi, na shangazi yake badala ya kumpakata akamkemea: “Namba moja mzima, unalia kama katoto?” Analia kama mtoto kwa kuwa ni mtoto! Ana miaka 9, na hakuna hesabu iwezayo kumwongezea hata mwezi mmoja. Tena mtoto wa namna hii aghalabu huumia kuliko wenziwe, maana fahamu zake humfikisha mapema kwenye mambo ya mauti, madeni na ugomvi wa wazazi, ilhali moyo wake haujapata nguvu ya kuyahimili.

Mfano wa maumivu hayo ni William James Sidis wa Marekani, aliyeingizwa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1909, akiwa na miaka 11, magazeti yakimshangilia. Utu uzima wake aliumaliza akijificha na umaarufu huo hadi alipofariki mwaka 1944.

Wako wasemao eti mwenye akili akibembelezwa atapumbaa. Upuuzi mtupu! Sijapata kumwona mtoto aliyesahau kugawanya kwa sababu alifarijiwa. Na wasemao hayo ndio hao hao walipiao tuisheni ya likizo, iliyoharamishwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kana kwamba mapumziko ni dhambi.

Nawasihi wazazi wa binti yule: mpeni vitabu vya gredi yoyote aiwezayo, lakini acheze na rika lake, alie anapoumia, na alale nyumbani kwenu. Bweni lisubiri.