Buti Chini ya Meza
Jumapili usiku nilimpigia simu ya video mpwa wangu aliyeko Texas, nikaona buti zake chini ya meza, tope bado bichi, na juu ya meza kitabu cha takwimu kimefunuliwa. Ni mwanafunzi, tena askari wa akiba anayetaka uofisa; ametoka kambini jioni ile. Mtihani ni saa mbili asubuhi. Huko Marekani askari wa akiba huitwa mazoezini wikiendi moja kwa mwezi na takriban wiki mbili kwa mwaka. Anayetaka uofisa huongeza na mafunzo ya uofisa chuoni, yaitwayo ROTC: alfajiri anakimbia, mchana yuko darasani, mpaka atunukiwe kamisheni awe luteni usu. “Mjomba, nimechoka,” aliniambia, nami niliyemfundisha kufunga kamba za viatu sikuwa na jibu ila pole. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu kashika tatu. Aliomba asogezewe mtihani, mwalimu akakataa. Kumnyima kijana siku mbili za kusoma kwa sababu ametii kiapo chake si msimamo wa kitaaluma, ni dhuluma. Tulipoagana alikuwa anatafuta kalamu, sare bado mwilini.