Mpwa Wangu, Kengele ya Shule na Programu Niliyoikosea

Leo tuweke kando habari za simu mpya na virusi vya tarakilishi. Kuna jambo linalonikera, na naona linatuhusu sisi waandishi wa programu kuliko tunavyodhani.

Mpwa wangu ana miaka saba. Ukipanda naye matatu kutoka Kisauni, kabla hamjavuka Daraja la Nyali atakuwa ameshawaamkia abiria wote na kumuuliza kondakta jina la mamake. Anaongea kama mzee wa baraza! Lakini vifungo vya shati vinamshinda, na ngazi hashuki bila kushika ukuta. Mwaka jana shule aliyokuwa akisoma ilimwambia dada yangu amtafutie pengine. Kosa lake? Kengele ikilia alikuwa akipiga mayowe na kuziba masikio, na mara mbili alitoroka darasani. Mwalimu alisema, "Mtoto anayeongea vizuri hivi, haya anafanya makusudi."

Si makusudi. Mpwa wangu ana sindromu ya Williams.

Mimi si daktari, kwa hivyo nitaeleza kwa ufupi. Hali hii ina jina la J.C.P. Williams, daktari wa Nyuzilandi aliyeieleza pamoja na wenzake mwaka 1961. Kwenye kromosomu ya 7 hukosekana kipande kidogo chenye jeni kama 25 hadi 27. Mojawapo ya jeni hizo hutengeneza elastini, protini inayoiwezesha mishipa ya damu kunyumbuka, na ndiyo maana wengi wao wana matatizo ya moyo na mishipa. Makadirio ni kati ya mtoto 1 katika 7,500 na mtoto 1 katika 20,000. Mara nyingi wazazi wenyewe hawana hali hiyo. Kipande hupotea kwa bahati tu wakati yai au mbegu inapoundwa. Hakuna aliyelogwa wala aliyelaaniwa.

Sasa tuje kwenye masikio. Wengi wa watoto hawa wana usikivu mkali kupita kiasi. Sauti ambayo kwako ni ya kawaida, kwake inaweza kuumiza: blenda, honi, puto linalopasuka, mvua kwenye mabati. Fikiria redio ambayo mtu ameizungusha hadi mwisho, na wewe huruhusiwi kugusa kitufe. Ungekaa kimya?

Tatizo la pili ni la kupima nafasi kwa macho: ngazi iko chini kiasi gani, kifungo kinaingia upande gani. Hata macho yakiona sawasawa, ubongo unatatizika kuunganisha vipande. Kwa hivyo maneno yake yanatudanganya. Kuna kipimo kiitwacho Vineland, ambacho hakimtahini mtoto bali humuuliza mzazi mambo ya kila siku: anavaa mwenyewe? Anapiga mswaki? Watoto wenye hali hii kwa kawaida hupata alama nzuri zaidi katika kuhusiana na watu kuliko katika kujitunza. Mtu akiusikia ulimi wao tu, ataamini kwamba mikono inakataa kwa ukaidi.

Dada yangu aliniambia, "Wewe si ndiye unayejua mambo ya kompyuta? Mtengenezee mwanangu kitu." Nikakesha wikendi nzima. Nikaandika programu ya kufundisha herufi, yenye rangi tele, na kila jibu sahihi likifuatwa na makofi na tarumbeta. Nilijiona fundi kweli kweli.

Alipata jibu la kwanza. Makofi yakalia. Akaitupa simu chini ya kitanda, na kwa wiki mbili hakutaka kuiona. Nilikuwa nimemletea ile kengele ya shule hadi chumbani! Tena herufi alizijua tayari. Nilimtengenezea nilichojua kukitengeneza, sikumuuliza mamake kinachomsumbua asubuhi.

Aliyetuokoa ni mtaalamu wa tibakazi, yaani wale wanaomsaidia mtu kumudu kuvaa, kula na kuandika. Alituambia tuanzie mwisho. Mama afunge vifungo vyote, cha mwisho akiache kimeingia nusu, mtoto akivute tu. Akishaweza, aachiwe kifungo kizima, kisha viwili. Kwa njia hiyo kila asubuhi ni yeye anayemaliza kazi. Sisi tuliozoea kuanza na mstari wa kwanza wa programu tuna la kujifunza hapo.

Programu yangu ya pili ilinichukua jioni moja. Ina picha tano za shati lake mwenyewe, moja kwa kila ukurasa, na haina sauti hata chembe. Leo anafunga vifungo viwili vya chini bila msaada. Ni viwili tu, lakini dada yangu alinipigia simu akilia kwa furaha.

Na kengele? Hapo programu haikuhitajika. Katika shule yake mpya mwalimu humwambia mapema kwamba kengele inakaribia, na siku nyingine humpa aipige mwenyewe. Sauti unayoijua inakuja haikuvamii kama ile inayokushtukiza. Ana pia viziba-masikio vya siku za kelele nyingi, ingawa tumeshauriwa asivivae kutwa.

Maoni yangu basi ni haya. Wenzangu, tuache kuandika programu zinazopiga makelele bila kuulizwa. Sauti iwe imezimwa, anayeitaka aiwashe. Tumruhusu mzazi aweke picha za vitu vya nyumbani kwake. Na kabla ya kugusa kibodi, tukae na mama asubuhi moja tuone kazi inakwama wapi.

Nanyi walimu, mtoto akiziba masikio, tazameni kwanza kengele kabla ya kumtazama yeye. Programu ikigoma, hatuichapi viboko; tunachunguza imelishwa nini. Mtoto naye hastahili pungufu ya hapo.