Mwenye Ndege si Mwenye Ziwa

Husemwa na baadhi ya watu wenye uwezo kwamba mtu aliyenunua ndege kwa fedha zake, akajifunza kuirusha na akaijaza mafuta kwa mfuko wake, hana sababu ya kuulizwa na yeyote anaruka lini, anapita wapi wala anatua katika hali gani. Ndege ni yake na roho ni yake. Maneno hayo hutamkwa kwa kujiamini sana, tena aghalabu na watu waliosoma, na kwa ajili hiyo huonekana kana kwamba yana busara ndani yake. Hayana. Mahali pa kuyapimia si Dar es Salaam penye kiwanja kikubwa na nchi kavu pande zote, bali ni Bukoba, ambako kiwanja kimelala ukingoni mwa Ziwa Viktoria na rubani anayekosea kidogo tu hana pa kuangukia ila majini.

Ni haki kwanza ndege yenyewe isisingiziwe. Ndege ndogo ya injini moja ya tabopropu, yaani ile ambayo moto wa mafuta ya jeti huzungusha tabo na tabo ikazungusha rafadha, ni chombo chema. Cessna Caravan, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, imezoeleka katika viwanja vya udongo vya Tanzania. Pilatus PC-12, inayoundwa Uswisi, hutumiwa na madaktari wanaoruka kutoka Nairobi kwenda kuchukua wagonjwa na majeruhi. Injini za namna hii hazizimiki ovyo. Hata ikizimika, ndege haiporomoki kama jiwe. Huelea kama mwewe aliyetandaza mabawa, na ikiwa juu ya ziwa kwa mita 3,000 inaweza kwenda kilomita zaidi ya 25 kabla ya kugusa maji. Kwa hiyo asiyetaka ndege hizi kwa sababu tu zina injini moja anapigana na adui asiyekuwapo. Wala si neno kwamba bei yake ni dola milioni kadhaa za Marekani. Mwenye nazo na azitumie, maadamu alizipata kwa halali.

Tatizo limekaa katika kiti cha mbele upande wa kushoto. Katika shirika la ndege, mpaka chombo kinyanyuke, midomo mingi ina uwezo wa kusema hapana: fundi, mpanga safari, rubani msaidizi, mkuu wa marubani, na kanuni za shirika zilizoandikwa siku ambayo hakuna aliyekuwa na haraka. Katika ndege ya mtu binafsi anayeirusha mwenyewe, mwenye mali, rubani, mlipaji na baba wa nyumba ni mtu mmoja. Mtu huyo amezoea ofisini kwake kwamba neno lake ndilo la mwisho. Ni nani atakayemwambia, Mzee, leo tusiende?

Abiria wake hawawezi kumwambia. Leseni ya rubani binafsi haimruhusu kupokea malipo kwa kuruka, na hivyo wanaopanda ni mke, watoto, shemeji na jirani aliyehisaniwa nafasi. Mwenye tiketi anaweza kufoka kaunta na kudai maelezo. Mkwe aliyekaribishwa bure katika ndege hana kinywa. Akionyesha hofu ataitwa mshamba, na akishuka ataonekana hana shukrani.

Hali hiyo ingekuwa na hatari ndogo kama anga ya Kagera ingekuwa pole. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma, na mvua hiyo ina tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa, hewa inateremka kutoka kila upande wa ziwa, inakutana katikati na kupanda, ikizaa mawingu makubwa ya radi juu ya maji. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo upande wa magharibi, nayo hufika pwani ya Bukoba na Muleba alfajiri na asubuhi. Mgeni kutoka Dar es Salaam amefundishwa kwamba asubuhi ndiyo saa tulivu na radi ni mambo ya alasiri. Katika sehemu nyingi za nchi hilo ni kweli. Kando ya ziwa hili, upande wa magharibi, mambo yamegeuka, na elimu aliyokuja nayo inaweza kumponza. Zaidi ya hayo, nchi ya Muleba hupanda ghafla kutoka majini kwenda kwenye nyanda za Kamachumu, na wingu likikaa juu ya genge, anayepita chini yake akifuata pwani amebaki na ujia mwembamba kati ya maji na mawe.

Na safari yenyewe huangukia lini? Kila aliyepata kuishi na Wahaya anajua kwamba Krismasi ni nyumbani. Watu hutoka Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo kurudi kwenye vibanja vya baba zao, na miezi hiyo ya Novemba na Desemba ndiyo ya senene na ndiyo ya mvua za vuli. Siku ya kufika imekwisha kutangazwa. Ndizi zimekatwa, rubisi imeiva, wazee wameambiwa kwamba mtoto wao anakuja na ndege yake mwenyewe, na baadhi yao wamekwenda kiwanjani kumlaki. Mtu aliye angani juu ya Sengerema, mwenye picha hiyo moyoni na ukuta mweusi wa wingu mbele yake, hapimi tena hali ya hewa. Anapima aibu.

Wasiosadiki nguvu ya jambo hilo na watazame lililotokea Marekani tarehe 16 Julai 1999. John Kennedy, mwana wa rais wa zamani wa nchi hiyo, aliirusha ndege yake ya injini moja usiku, juu ya bahari yenye utusitusi, akiwa na mkewe na shemeji yake, kwenda kwenye arusi ya jamaa. Wachunguzi hawakuona hitilafu katika injini. Waliona kwamba rubani alipoteza mwelekeo, asijue juu ni wapi na chini ni wapi, kwa sababu maji na mbingu vilikuwa rangi moja. Wote watatu walikufa. Yeyote aliyepata kutazama ziwa kutokea Bukoba wakati wa mvua, pale ambapo mstari kati ya maji na mawingu hufutika kabisa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ziwa hili halikusubiri ndege za watu binafsi ndipo lidai roho za watu. Tarehe 6 Novemba 2022, kabla ya saa tatu asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam, iliangukia majini katika hali mbaya ya hewa ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwamo. Ndege hiyo ilikuwa na injini mbili, marubani wawili waliofanya urubani kuwa kazi yao ya kila siku, na shirika zima nyuma yao. Ikiwa ziwa liliweza kuwashinda hao, yafaa mtu anayeruka mara chache kwa mwezi, kati ya mkutano mmoja na mwingine, ajiulize amejiwekea akiba gani ambayo wao hawakuwa nayo.

Yafaa pia kukumbuka ni nani waliofika kwanza. Walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia na kamba zao. Kijana mmoja miongoni mwao, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima na baadaye akachukuliwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu 24 walitoka hai. Hapa ndipo yale maneno ya "roho ni yangu" yanapofika mwisho wake. Ndege ya bwana mkubwa ikianguka ziwani, atakayeingia majini kumtafuta ni mtu ambaye hakualikwa kwenye safari, hana bima, hana jaketi la kujiokolea, na nyumbani kwake wanangoja samaki wa siku ile. Hataketi kwanza kuuliza kama ndege ni ya umma au ya mtu. Roho ya mwenye ndege imekwisha kufungwa kamba moja na roho ya mvuvi, apende asipende.

Watetezi wa uhuru wa mwenye mali hujibu kwamba wao wanalipa ada ya kutua. Ni kweli. Ada ya kutua hulipia kutua. Kwa ile siku ambayo ndege haitatua, hawajalipa kitu.

Wapo wengine wanaotumia hoja nzito zaidi, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Husema kwamba Muleba ina visiwa, Bumbire, Ikuza, Goziba na vinginevyo, ambako mama mwenye uchungu wa kuzaa hutegemea mtumbwi au boti ili aifikie hospitali, na kwamba ndege ndogo, hasa zile zenye maboya ya kutulia majini, zingeweza kuokoa wengi. Hoja hiyo ni sahihi kabisa, na Caravan za namna hiyo zipo duniani. Lakini kazi hiyo ni ya marubani walioajiriwa kwa ajili yake, wenye ratiba, wenye mkuu anayeweza kuwazuia, na wanaolijua ziwa kwa kuruka juu yake kila wiki. Hairuhusiwi kuwatumia wagonjwa wa Goziba kama kitambaa cha kufunikia safari ya sikukuu ya mtu mmoja na jamaa zake.

Basi mwenye ndege afanye nini, auze? Hapana. Na aanze kwa njia anayopita. Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 170, na sehemu kubwa ya mstari huo iko juu ya maji. Anayepita hapo chini ya mawingu ili kuokoa mafuta ya dakika chache amejinyima ule uwezo wa kuelea hadi nchi kavu, ambao ndio msingi wa imani yote katika injini moja. Njia ya kufuata pwani ya Geita na Chato, kwenye kimo cha kutosha, ni ndefu zaidi, na ndiyo ya mtu mwenye akili.

Chato yenyewe ina kiwanja, tena chenye njia ndefu ya kurukia kuliko ya Bukoba. Bukoba ikiwa imefungwa na wingu, mwenye ndege anaweza kushuka pale, akafunga ndege yake, akapanda gari na familia yake hadi Kyamyorwa, Muleba, na hatimaye Bukoba, barabara ya lami. Watafika jioni badala ya asubuhi. Waliokwenda kiwanjani kuwalaki watarudi nyumbani wakinung'unika, na watani watapata la kusema mwaka mzima juu ya tajiri aliyekuja na ndege akafika na teksi. Hiyo ndiyo gharama yote.

Na kwa kuwa mtu aliye katika haraka si hakimu mwema wa haraka yake, mipaka ya safari iandikwe kabla ya siku ya safari: wingu likiwa chini ya kimo hiki, upepo ukizidi nguvu hii, hakuna Bukoba. Karatasi hiyo akabidhiwe mtu mwingine aliye nchi kavu, rubani mwenzake asiye mwajiriwa wake, mwenye ruhusa ya kusema hapana na kutiiwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo ndiyo hutoa leseni, inaweza kuudai utaratibu huo kwa kila ndege ya binafsi inayokwenda kwenye viwanja vya kando ya ziwa.

Tena wenye ndege hizi, ambao si wengi na wanafahamiana, wachangie vifaa vya mwalo wa Nyamukazi ulio jirani na kiwanja, na vya mialo ya Muleba hadi visiwani: majaketi, kamba madhubuti, nyundo za kuvunjia madirisha, redio, na mafunzo kwa wavuvi juu ya milango ya ndege inavyofunguliwa kutoka nje. Bei ya vitu hivyo vyote haifiki bei ya matengenezo ya injini moja. Vipelekwe kabla ya mvua za vuli, wala mchango huo usiitwe hisani.