Aliyelala kasho aweza kusomea udaktari?



Mwezi huu tunajibu swali la kijana mmoja wa Lweba. Yuko na diploma ya Serikali, na tangu utoto anataka kuwa munganga. Miaka miwili iliyopita alikwenda kuchimba dhahabu ili apate pesa ya masomo. Kule akapigana na mwenzake juu ya mfuko wa mchanga. Wakamtia kasho siku tatu, akalipa amande, akatoka. Sasa chuo kikuu kinamwomba atestasio ya mwenendo mwema. Anauliza: «Jina langu limekwisha kuharibika? Kuna mtu anataka nimpe dola 50 anitengenezee karatasi safi. Nifanye je?»

Mwanetu, tuanze na hiyo karatasi ya dola 50, maana hatari iko pale. Usiinunue. Katika Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, artikle ya 46, mtu aliyempiga mwenzake hivi hivi hupata kifungo cha siku 8 mpaka miezi 6. Lakini artikle ya 124 inampa mwenye kutengeneza maandiko ya uongo miezi 6 mpaka miaka 5, au faini, au vyote viwili. Na yule anayeitumia karatasi hiyo kwa kudanganya, artikle ya 126 inampa adhabu ile ile. Unaona? Ungeficha kosa dogo kwa kosa kubwa zaidi. Tena mwenye kukuuzia atajua siri yako siku zote, na atarudi kuomba pesa ukiwa umekwisha kuwa dokta.

Sasa tuangalie jina lako. Huku kwetu watu wanachanganya mambo manne.

La kwanza ni kukamatwa. Kukamatwa si kuhukumiwa. Katiba ya mwaka 2006, artikle ya 17, inasema kila mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Na artikle ya 18 inakataza kumshika mtu kwa polisi kupita saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe kwa wakubwa wa sheria. Kama siku zako tatu zilipita zote katika kasho ya polisi, bila kupelekwa kwa wakubwa hao, walikukosea wewe pia.

La pili ni amande ya mapatano, ile unayolipa kwa OPJ au kwa parke ili mambo yaishe bila kwenda tribinali. Ukiilipa, kesi imekufa, isipokuwa parke ikiamua kuifuatilia. Na sheria yenyewe inasema kulipa amande hiyo si kukubali kosa. Lakini uwe na risiti ya Serikali. Ulilipa mkononi bila karatasi? Basi huna ushuhuda, na huenda pesa iliingia mfukoni mwa mtu tu. Hata hivyo, hakuna hakimu aliyekuhukumu.

La tatu ni hukumu ya kungojea, wanayoita sursi. Hakimu aweza kuitoa kama kifungo hakipiti mwaka 1. Anaweka muda, usiopita miaka 5. Ukiumaliza bila hukumu nyingine, ile ya kwanza inahesabiwa kama haikuwako.

La nne ni hukumu kamili. Hiyo inaandikwa katika kazie judisieri, na kuificha hakufai.

Na kama mambo yalitokea ungali mtoto? Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Wa miaka 14 mpaka 18 ni wa hakimu wa watoto, ambaye anaangalia malezi yake.

Basi fanya hivi. Tafuta risiti yako. Nenda parke, pamoja na mzazi au avoka kama iwezekana, ukaombe ekstre ya kazie yako, ujue inasema nini. Atestasio ya mwenendo uiombe kwa ofisi yenyewe: sekta, au komini kwa wakaaji wa mji wa Baraka. Tangu mwaka 2025 vita vimevuruga njia na ofisi nyingi za Kivu ya Kusini. Uliza kwanza ofisi gani inafanya kazi kabla ya kula pesa ya safari. Na chuo kikikuuliza swali, jibu kwa maneno machache: lilitokea nini, mwaka gani, liliishaje, na tangu hapo unaishi namna gani. Usimtupie mwenzako kosa lote.

Usidhani wanakuuliza kwa chuki. Mgonjwa humvulia munganga nguo, humwambia siri za nyumba yake, hulala usingizi wa dawa mbele ya kisu chake. Ndiyo maana hata baada ya masomo kuna Ordre ya Waganga, iliyoundwa tarehe 1 Machi 1968, inayolinda heshima ya kazi hiyo. Tusidanganyane: kuna makosa, kama kumtendea mwanamke jeuri au kuiba dawa za wagonjwa, ambayo yaweza kufunga mlango huo kwa haki. Ugomvi wa siku moja si wa namna hiyo, kama umeuacha kweli.

Neno kwa wachungaji na wazee wa kanisa. Kijana akiwaomba barua ya ushuhuda, msimwandikie kwamba hakukosa hata siku moja. Someni barua ya Paulo kwa Filemoni. Paulo anamtetea Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake. Hafichi yaliyopita, anasema mtu huyu zamani hakufaa, na sasa anafaa, na kama ana deni, yeye Paulo atalipa. Na mwisho wa barua, kati ya wanaotuma salamu, yuko Luka, yule tabibu. Barua ya namna hiyo ina nguvu, kwa sababu mwandishi anajitia dhamana kwa kweli.

Nanyi wazazi, msiuze mbuzi ili mnunue karatasi ya uongo. Mbuzi huyo na alipe safari ya parke.

Zungumzeni nyumbani: Katika kanisa letu, kijana aliyetoka kasho tunampokea namna gani? Je, kuna mtu tungeweza kumwandikia barua kama ile ya Paulo?

Bwana awabariki.