Msomaji Hangoji

Wanafunzi wengi hudhani kwamba insha hunoga kwa msamiati mzito. Aya nzima huishia kwenye jua, ndege na umande, na kisa chenyewe hakijaanza. Mwalimu ataisoma hadi tamati kwa kuwa ndiyo kazi yake. Msomaji mwingine atafunua ukurasa wa pili aende zake.

Haya yalimfika hata Charles Dickens, yule mwandishi mashuhuri wa Uingereza. Mwaka wa 1860, jarida lake la kila wiki, All the Year Round, lilikuwa likichapisha hadithi ya Charles Lever kwa mfululizo. Hadithi ilijikokota, na wanunuzi wakaanza kupungua. Dickens hakuwalaumu. Desemba mwaka uo huo alianza kuchapisha humo riwaya yake mwenyewe, Great Expectations, na wanunuzi wakarejea.

Tazama alivyoanza. Mtoto yatima yuko makaburini magharibi ikiingia. Ghafla mfungwa aliyetoroka, chuma kingali mguuni, anamkamata. Anamwamuru amletee tupa na chakula kesho yake alfajiri, la sivyo atang'olewa moyo na ini! Je, mtoto ataiba nyumbani? Sura ya kwanza inakwisha kabla hujajua.

Basi ewe mwandishi chipukizi, ukimaliza insha yako, irudie aya ya kwanza. Ikiwa hamna mtu aliye mashakani humo, ifute, uanzie ya pili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.